Gari Gani la Leo Litagombewa Kesho?

"Bosi, hili si la kutumia tu, hili ni la kuweka. Miaka kumi ijayo utanipigia simu kunishukuru." Zunguka kwenye yadi za magari za Dar es Salaam au Nairobi ukiwa na fedha mkononi, maneno haya utayasikia. Husemwa juu ya Altezza, juu ya Subaru, juu ya Land Cruiser la mwaka wowote ule. Mara moja moja ni kweli. Mara nyingi dalali anatafuta cha juu ambacho gari lenyewe halikistahili.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye bajeti ya gari moja, anayetakiwa kuamua kabla fedha haijaliwa na mambo mengine. Swali lake ni la haki: kama lazima ninunue gari, kwa nini nisichukue lile ambalo bei yake itasimama, pengine hata ipande? Inawezekana. Ila unachopaswa kulipia ni herufi zilizogongwa kwenye kibao cha chasisi, na jina lililobandikwa kwenye buti ulichukulie kama pambo.

Tuanze na hesabu kabla ya mapenzi. Tuseme una shilingi milioni 20 za Tanzania. Ukiziweka mahali panapokupa asilimia 12 kwa mwaka, unapata milioni 2.4 kila mwaka, na baada ya miaka kumi una milioni 44 bila kushika spana. Riba nayo ukiirudisha izae, unavuka milioni 62. Kwa hiyo gari la milioni 20 ulilolifungia ndani linatakiwa liuzwe zaidi ya mara tatu ya bei uliyonunulia ndipo ukae sawa na mwenzako aliyelala usingizi. Na hapo hatujagusa tairi, betri, bima wala panya.

Magari yanayoweza mbio hizo yapo duniani, lakini ni machache, na bei yake ya kuanzia haimjui mtu wa milioni 20. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye fedha ya kubana ni mmoja: usinunue gari la kufungia. Nunua la kuendea kazini, ila chagua toleo ambalo leo linakugharimu zaidi kidogo tu na kesho ndilo watakaloulizia. Bei isipopanda, umeshapata usafiri. Ikipanda, hiyo ni nyongeza.

Kwa nini jingine litafutwe na jingine lichinjwe spea

Gari halitafutwi kwa kuwa ni zuri. Corolla ni gari zuri sana, na hakuna anayeshindana na mwenzake kuitafuta. Gari hutafutwa pale watu waliolitamani wakiwa vijana wasio na kitu wanapozishika fedha na kukuta yamebaki ya kuhesabika. Peugeot 504 na Datsun za miaka ya 1970 zilikuwa teksi, magari ya ofisi na ya kubebea mkaa. Zilichakazwa, zikakatwakatwa, zikauzwa kwa kilo. Leo moja iliyonyooka huoshwa kwa mswaki na kupelekwa kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, ambako majaji huchungulia hadi uvunguni.

Sababu ya pili ni milango ya forodha, na hii watu wengi huisahau. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane. Uganda iliyafungia mlango magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania haikufunga, inatoza. Kwa Kenya maana yake ni kwamba magari ya miaka ya 1990 na 2000 yaliyo ndani ya nchi ndiyo hayo hayo, na kila ajali inapunguza moja. Kwa Tanzania maana yake ni nyingine kabisa: bei ya gari la zamani haiwezi kupanda ikapita gharama ya kuagiza jingine kama hilo kutoka Japani. Anayekuuzia Dar kwa bei ya juu kuliko hiyo anategemea wewe hutapiga hesabu.

Basi ipige. Kwa viwango vya kawaida vya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), gari dogo la injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 na VAT asilimia 18. Likizidi miaka kumi tangu litengenezwe, unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na kodi hizi zinapanda moja juu ya mgongo wa nyingine. Matokeo yake: kwa kila shilingi 100 ya thamani ya gari bandarini, gari changa hulipa kama 55, na gari la zaidi ya miaka kumi hulipa karibu 99, kabla ya tozo ndogondogo. Zaidi ya hapo, thamani inayotumika kwa mtumba ni ile iliyo kwenye jedwali la TRA. Risiti yako ya mnada haihesabiki sana. Bajeti ya kila Juni inaweza kubadilisha viwango, kwa hiyo fungua kikokotoo chao kabla hujatuma hata dola moja.

Halafu kuna Wamarekani. Kwao gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama. Skyline GT-R ya R34, iliyotoka mwaka 1999, ilianza kuingia huko kwa utaratibu huo mwaka 2024, na bei zake Japani zilishapaa mapema kwa kuisubiri siku hiyo. Ukiona gari la Kijapani la miaka ya 1990 limekuwa ghali ghafla, ujue kuna mtu wa Texas yuko kwenye foleni. Muuzaji wa Yokohama hatamwacha huyo amfuate wa Temeke.

Altezza mbili zenye sura moja

Altezza nitaizungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndilo gari la bei ya kawaida ambalo kosa la kuchagua toleo linaonekana wazi kuliko yote.

Lilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Lilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999. Linasukumwa na tairi za nyuma, ni dogo, na saa zake za dashibodi zimepangwa kama uso wa saa ya mkononi ya michezo: saa kubwa ya spidi katikati, na ndani yake saa tatu ndogo. Taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima. Kijana wa Dar aliyemaliza kidato cha nne miaka ya 2010 analijua gari hili hata akisikia mlio tu. Huyo ndiye mnunuzi wako wa kesho.

Lakini ziko mbili. AS200 ina injini ya silinda sita, 1G-FE, ile ile iliyomo ndani ya Mark II nyingi za GX100. Ni imara, spea zake zimejaa Kariakoo, na fundi yeyote anaijua. Nguvu yake ni ya wastani, farasi 160. RS200 ina silinda nne tu, lakini ni 3S-GE ambayo Yamaha walishiriki kuisanifu, na yenye gia sita za mkono hutoa farasi 210. Ukiziegesha pembeni kwa pembeni, mpita njia haoni tofauti. Mkusanyaji wa magari, mwaka 2035, ataiona kwanza.

Nembo ya nyuma isikudanganye. Inauzwa sokoni na kubandikwa kwa gundi. Fungua boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sehemu ya abiria kuna kibao: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Kisha chukua kadi ya gari usome ukubwa wa injini. RS200 itaandikwa 1,998, AS200 itaandikwa 1,988. Tofauti ya cc kumi, na watu wengi husoma zote mbili kama "cc elfu mbili" wakapita. Kibao kikisema SXE10 na kadi ikisema 1,988, injini imebadilishwa, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Sasa uamuzi. Ukitaka gari la kila siku kwa gharama ndogo, chukua AS200 na uache habari za kesho. Ukiipata RS200 ya gia za mkono, isiyokatwa springi, yenye siti na usukani wa kiwandani, na muuzaji anataka nyongeza ya robo juu ya bei ya AS200 ya hali hiyo hiyo, nyongeza hiyo inalipa. Akitaka mara mbili, mwache. Ujue pia unachokinunua: spea za 3S-GE hii haziko kila duka, na kosa la fundi anayejifunzia juu yake ni ghali. RS200 ya otomatiki ni ya katikati. Inakula gharama za RS200 na haitagombewa kama ya gia za mkono.

Subaru, Lancer na kaka yao mdogo

Kenya ina sababu yake ya kuipenda Subaru, na sababu hiyo ina tarehe. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns akairudia mwaka 2000. Watoto waliosimama kwenye vumbi siku zile sasa wana mishahara. Mbio hizo zilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea Naivasha mwaka 2021, na hamu imerudi nazo.

Mtego ni ule ule wa sura moja. Kwa Impreza za tabo za Kijapani za 2000 hadi 2007, chasisi ya GDA ni WRX, na GDB ni STI. Njia ya haraka ya kutofautisha ni kutazama kichwa cha gia: STI ina gia sita, WRX ya gia za mkono ina tano. Kuna Impreza za kawaida zisizo na tabo zilizovikwa boneti yenye tundu, bawa la nyuma na herufi za waridi. Hizo ni gari la lita moja na nusu lenye nguo za kuazima, na bei yake iwe ya hivyo.

STI inayofaa ni ile iliyoachwa kama ilivyo, na ndiyo ngumu kupatikana. Nyingi zimeshafungwa kompyuta ya kuongeza nguvu, bomba kubwa, na tabo isiyo yake. Usilipe hata senti moja ya ziada kwa mapambo hayo. Omba upunguziwe, kwa sababu injini iliyolazimishwa kutoa nguvu ya ziada inaelekea kwenye gasketi ya kichwa na beringi. Hesabu pia mafuta. Injini hizi zinataka petroli ya oktani ya juu, na zinaitaka nyingi. Kwa mtu wa kwenda kazini Mbezi hadi Posta kila siku, tofauti ya mafuta kati ya STI na gari la lita 1.5 italipa karo ya mtoto.

Kwa wenye fedha zaidi kidogo: STI iliyokoma kutengenezwa 2021 ndiyo ya mwisho ya ukoo wa petroli. Mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Ile ya injini ya lita mbili ya Kijapani ilihitimishwa kwa toleo maalumu la magari 555. Gari la mwisho la ukoo huwa na bei, na hili nalo litakuwa nayo. Lancer Evolution, iliyomshindia Tommi Mäkinen Safari ya 1996 na ya 2001, ilifikia mwisho 2016, nayo ni hadithi hiyo hiyo, isipokuwa spea zake kwetu ni adimu zaidi. Usiiguse kama huna mtu wa kukuletea spea kutoka Japani au Dubai.

Kwa gari lililo bado changa, GR Yaris ndiyo ninayoiona na dalili zote. Ilitoka 2020 kwa ajili ya kuipa kampuni yake uhalali kwenye mbio za dunia: milango mitatu, silinda tatu, lita 1.6 yenye tabo, tairi zote nne zinavuta. Ndugu zake wa mbio wamekuwa wakishinda Naivasha tangu 2021. Bei yake inaweza kukununulia gari la familia na pikipiki juu, kwa hiyo wengi wetu tunaishia kuitazama. Lakini kama unaagiza, angalia mwanzo wa namba ya chasisi: GXPA16 ndiyo yenyewe. MXPA12 ni GR Yaris RS, yenye mwili ule ule, lita 1.5 isiyo na tabo, otomatiki, inayovutwa na tairi za mbele. Kwenye picha ya simu huwezi kuzitofautisha. Kwa Kenya, za 2020 mwisho wake kuingia ni 2027.

Mark X: usikimbilie, usidharau

Mark X ilitoka 2004 ikakoma Desemba 2019, na nayo likafungwa jina la Mark lililoanza 1968. Silinda sita, tairi za nyuma, bei ya kueleweka. Gari la mwisho la aina yake, kwa kila kipimo. Kwa nini basi sisemi ukope ukanunue?

Kwa sababu ziko nyingi mno, na karibu zote ni otomatiki ya lita 2.5. Wingi hauishi kwa mwaka mmoja. Itachukua muda mrefu hadi zipungue, na katika muda huo injini yake ya 4GR, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inakusanya masizi kwenye valvu na kudai kusafishwa. Ukitaka Mark X, inunue kwa kuipenda, chagua ya miaka ya mwisho, na utembee nayo. Kenya hata zile za 2019 mwisho wake kuingia ni 2026, kwa hiyo anayeitaka iliyotoka Japani moja kwa moja asilaze damu. Mark II na Chaser za JZX100 zenye tabo ni kisa kingine: hizo zimeshagombewa na wacheza drifti duniani, na bei yake imeshatukimbia.

Land Cruiser na Jimny

Land Cruiser la mfululizo wa 70, mkonga, halijaacha kutengenezwa tangu 1984. Watu hulitaja kama gari la kumbukumbu, nami nasema si hivyo, angalau bado. Kitu kinachopatikana kipya dukani hakina uhaba. Bei yake haishuki kwa sababu linafanya kazi porini, mgodini na shambani, na injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo inatengenezwa na fundi wa Sumbawanga kwa vifaa alivyonavyo. Hiyo ni sababu bora ya kulinunua kuliko ndoto ya mkusanyaji. Tatizo ni kwamba kila mtu anajua hivyo, na bei inaanzia pasipofikika.

Ningekuwa na fedha ya shangingi, ningeangalia mfululizo wa 80, wa 1990 hadi 1997: ekseli nzima mbele na nyuma, umeme kidogo, na halitengenezwi tena. La 200, la mwisho lenye V8 kabla ya 300 kuja na V6 mwaka 2021, litapata wapenzi wake, ila gharama ya kulingoja ni ya wenye nazo. Seti moja ya tairi na matengenezo ya sindano za dizeli vinaweza kumaliza bajeti ya mwaka ya kaya.

Jimny ndiyo jibu langu kwa mfuko mdogo. Muundo wa sasa ulitoka 2018 ukiwa na chasisi ya ngazi na ekseli nzima, mambo ambayo magari madogo yameshayaacha. Japani watu walisubiri zaidi ya mwaka kuipata. Ulaya toleo lake la abiria wanne liliondolewa sokoni 2020 kwa sababu ya viwango vya hewa chafu, na zilizokuwa mikononi mwa watu zikapanda bei. Injini ya lita 1.5 inaiweka kwenye kundi la kodi nafuu. Sikuahidi itapanda. Nakuambia kwamba ukiiuza baada ya miaka mitano, kidonda kitakuwa kidogo kuliko kwa gari lolote jipya la bei hiyo.

Ubaya wake useme kabla ya kulipa: milango miwili, buti halina nafasi ya sanduku moja la maana siti za nyuma zikiwa zimesimama, na kwenye barabara kuu ya Morogoro upepo wa basi unaihamisha. Mwenye watoto watatu asidanganyike na sura yake. Ya milango mitano ilikuja 2023 ikitengenezwa India. Inatatua nafasi, ila kwa macho ya mkusanyaji ile fupi ndiyo itakayobaki na jina.

Mengine nayapita haraka. Mahaibridi na magari ya umeme ya kizazi cha kwanza: betri inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na kununua nyingine kunaweza kupita thamani ya gari. Magari ya kifahari ya Kijerumani yenye springi za upepo: bei rahisi ya kununua, bei ya ndege kutengeneza. Benzi ya W124 ni nzuri na imeshaanza kuheshimiwa, lakini zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 1995 maganda ya nyaya zake za injini hukatika kama ganda la yai; uliza kama nyaya zimebadilishwa. Landrover Defender ya zamani ilimaliza safari Januari 2016 na Ulaya inagombewa. Wewe usidanganywe na bodi yake ya alumini: chasisi ni ya chuma, na kutu yake iko chini.

Gharama ambazo hakuna anayezitaja

Magari ya mradi. Landrover na Land Cruiser nyingi nzuri hutoka kwenye mashirika zikiwa na namba za DFP, yaani ziliingia kwa msamaha wa kodi. Zikihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Bei ya mnada inaonekana tamu kwa sababu hiyo. Nenda TRA na namba ya chasisi kabla ya kunyoosha mkono, na fanya hivyo hivyo kwa gari la mwanadiplomasia.

Karatasi ya mnada wa Japani. Muuzaji yeyote mkweli anaweza kukuonyesha. Ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya R mahali pa daraja maana yake gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Gari lenye R linaweza kuendeshwa miaka kumi bila kukusumbua, ila mkusanyaji hatalipia bei kamili. S na C nyingi uvunguni huashiria gari lililoishi kwenye theluji na chumvi ya barabarani, na ukilileta Dar au Mombasa unalihamisha kutoka chumvi kwenda chumvi. Kwa mwenye nia ya kuweka, gari lililokaa Arusha, Iringa au Nakuru lina thamani ya nyongeza kuliko lililolala mita mia tatu kutoka baharini.

Kuegesha. Gari lisilotembea linakufa polepole. Betri inakwisha, petroli inaharibika, mafuta ya breki yanavuta unyevu, mpira wa madirisha unakakamaa, panya wanajenga kwenye nyaya. Tairi linazeeka hata likiwa na kashata nzima. Ubavuni mwake, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anayejisifu kwamba gari halijatembea sana, huku tairi zina miaka tisa, amekuongezea bili ya tairi nne kwenye bei.

Bima. Tanzania leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, kwa hiyo gari lililosimama halikudai hapo. Bima ndogo ya gari binafsi nayo ni laki moja na ushee. Tatizo ni bima kubwa. Gari likizeeka, kampuni nyingi husita kulipokea, au hulipa kwa thamani ya soko, nayo thamani hiyo huipanga kwa umri. STI uliyoinunua kwa bei ya kumbukumbu italipwa kama Impreza chakavu. Dai tathmini ya maandishi yenye picha, na thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye mkataba wa bima. Wakikataa, lichukulie gari hilo kama lisilo na bima ya wizi wala ajali, na upange bei yako hivyo.

Injini iliyobadilishwa. Mafundi wetu ni hodari wa kupandisha 1JZ mahali pa 1G, na gari hukimbia kweli. Namba ya injini isiyolingana na kadi, hata hivyo, ni usumbufu wakati wa kuhamisha umiliki, polisi na bima, na kwa mkusanyaji ni punguzo la bei.

Mwisho, vifaa vilivyotolewa. Karibu kila gari la aina hii lililopita mikononi mwa kijana limevuliwa kitu: rimu, springi, usukani, bampa, redio, hata taa. Rimu za kiwandani za RS200 au STI ni ngumu kuzipata peke yake kuliko unavyodhani, na gari lenye vifaa vyake vyote huuzika haraka kuliko lenye rimu kubwa zinazong'aa. Muulize muuzaji viko wapi. Akisema viko kwa kaka yake Tabata, nendeni wote mkavichukue kabla hujalipa, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye simu yake, huyo kaka hatapatikana.